NOTISI YENYE MAANA MBILI HULA MSHAHARA
(Hotuba kwa wanachama wa Thika na Ruiru)



Nimepewa nafasi niseme nanyi juu ya maneno ya notisi na kanuni za kazi. Mwenye kazi ya kiwanda Thika, na mwenye kuchuma kahawa Ruiru, wote wawili huongozwa na karatasi iliyobandikwa ubaoni. Karatasi ikiwa na maana mbili, mwenye nguvu huchagua ile inayomfaa yeye, nasi twagundua siku ya mshahara.

Kwanza, tazameni mwanzo wa kitendo. Tuseme notisi yasema: "Kadi za vibarua zilizochelewa hazitapokewa." Hapo zilizochelewa ni kadi. Kibarua aliyefika alfajiri, kadi yake ikakawia kwa karani, atapoteza siku yake bila kosa. Lakini ikiandikwa "Kadi za vibarua waliochelewa," basi waliochelewa ni watu, na yule wa alfajiri amesalimika. Tofauti yote imo katika "zi" na "wa".

Pili, msaada huo una mpaka. Someni hii: "Wasimamizi wa vibarua waliochelewa wataandikiwa barua ya onyo." Ni nani waliochelewa? Wasimamizi ni watu, vibarua nao ni watu, na wote huchukua "wa". Hapa kitendo hakiwezi kutuamulia. Dawa yake ni kuyavunja maneno: "Msimamizi akichelewa, ataandikiwa barua ya onyo." Au, kama hiyo ndiyo maana: "Vibarua wakichelewa, msimamizi wao ataandikiwa barua ya onyo." Mwandishi achague moja, nasi tujue tunajibu nini.

Tatu, jihadharini na kitendo kisichomtaja mtendaji. "Chombo kikiharibika, mfanyakazi atalipa." Kimeharibiwa na nani? Mashine kuukuu huharibika yenyewe. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, humruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali yake iliyoharibika au kupotea kwa kosa la kusudi la mfanyakazi. Basi notisi iseme hivyo: "Mfanyakazi akiharibu chombo kwa kusudi." Kati ya "kikiharibika" na "akiharibu" ndipo ulipo mshahara wako.

Nne, hesabu ya siku. Notisi ikisema "Likizo ni siku 21," ulizeni siku zipi. Kifungu cha 28 chataka siku za kazi zisizopungua 21, kwa mshahara kamili, baada ya kila miezi 12 ya kazi. Kwa anayefanya kazi siku 6 kwa juma, siku 21 za kalenda zina siku 18 tu za kazi. Maneno mawili, "za kazi", yakiachwa, siku 3 zimekwenda.

Sasa tufanyeje? Msitie sahihi wala dole gumba kwenye jambo msilolielewa. Kifungu cha 9 chamtaka mwajiri ahakikishe kwamba asiyejua kusoma, au asiyejua lugha ya mkataba, anaelezwa kwa lugha anayoifahamu. Tena kifungu cha 41 chasema kwamba kabla ya kumfukuza mtu kwa kosa, mwajiri amweleze sababu kwa lugha anayoifahamu, naye ana haki ya kuwa na mfanyakazi mwenziwe au mjumbe wa chama hapo kazini.

Mahakama zina kanuni ya zamani: maneno ya mkataba yakiwa na shaka, husomwa dhidi ya aliyeyaandika. Lakini kesi huchukua muda, na kodi ya nyumba haingoji. Afadhali shaka iondolewe ubaoni kuliko mahakamani. Mkiona notisi yenye maana mbili, mjumbe wenu aiandike neno kwa neno, aandike na maana zote mbili chini yake, kisha amwombe mwajiri ajibu kwa maandishi ni ipi.

Nasi chama tujipime kwa kipimo hicho hicho. Kabla ya kubandika tangazo la tawi, apewe asiyehusika alisome na kutueleza amefahamu nini. Akikosea, tuliandike upya.