Ufunguo Wake Tulimrudishia



Sanduku letu la hisa lina kufuli tatu na washika funguo watatu. Mmoja wao alipopata ugonjwa wa akili, watu walitwambia tumwondoe, eti kichaa hashiki hela za watu. Sisi tukampa msaidizi, kama tufanyavyo mwenzetu akijifungua. Alipopata nafuu tulimrudishia ufunguo wake. Mwenyewe ameruhusu tuyaseme haya.

Jamani, ugonjwa huu unatibiwa. Shida huanza pale mtu anapojiona mzima: anaacha dawa, ugonjwa unarudi. Dawa zikimletea usingizi au kutetemeka, asiziache mwenyewe. Arudi kwa daktari apunguziwe au abadilishiwe. Kwa hiyo tarehe ya kliniki ya mwenzetu tunaikumbuka kama siku ya hisa, na nauli inatoka mfuko wa jamii.

Na tuache kuitana "wa Mirembe". Mirembe ni hospitali, iko Dodoma, siyo tusi. Anayezomewa sokoni atajificha, na kliniki hatamwona mtu.

Miaka 10 imetimia, hesabu zetu ziko wazi. Anayetaka, aje akague.