Kodi ya Majengo na Mita ya Umeme

Leo twapenda kuzungumza nanyi habari za kodi ya majengo katika Tanzania, kwa maana ni jambo linaloulizwa sana barazani, na majibu yanayotolewa huko mengi ni ya kukisia.

Wazee wengine hudhani kuwa ni ile kodi ya kibanda iliyoanzishwa na Wadachi mwaka 1898 na kuendelezwa na Waingereza. Sivyo. Ile ya kale ilimfuata mtu hata katika kibanda chake cha nyasi. Hii ya sasa huisamehe nyumba ya udongo au ya nyasi anayokaa mtu.

Tangu Agosti 2021 kodi hii hukatwa katika mita ya umeme, mtu anunuapo umeme wa LUKU. Hapo kwanza ilikuwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Julai 2023 ikapandishwa kuwa 1,500, yaani 18,000 kwa mwaka. Nyumba za ghorofa mjini hutozwa zaidi, kwa kila ghorofa.

Basi lipo swali ambalo tumeulizwa mara nyingi kuliko mengine: "Nimetoa shilingi 5,000, mbona nimepata umeme kidogo hivi?" Mwenye duka hutukanwa bure. Mtu asiponunua umeme miezi mitatu, deni la miezi hiyo humngojea katika mita. Kwa kiasi cha 1,500 kwa mwezi, mara moja zitakatwa 4,500, na katika 5,000 zake zitabaki 500 tu za umeme. Heri kuisoma risiti kabla ya kugomba.

Nyumba moja ikiwa na mita mbili, yapasa mwenyewe apeleke habari ofisini, ili mita moja tu ikatwe. Asipokwenda, mita hazijui kwamba paa ni moja.

Tulikuwa na jirani, bibi mjane aliyepita miaka sitini, akikaa katika nyumba yake mwenyewe. Sheria humsamehe mzee wa namna hiyo kwa nyumba moja anayokaa, na mtu mwenye ulemavu vilevile. Walakini msamaha hauji wenyewe. Bibi yule alikatwa miezi mingi, na mafuta ya taa akayarudia, akidhani umeme umepanda bei. Hakuna aliyemwambia, nasi waalimu tuliokuwa tukipita mlangoni pake kila asubuhi hatukuuliza. Mwenye mzee nyumbani na achukue kitambulisho chake na namba ya mita, aende naye ofisini.

Limebaki la mpangaji. Kodi hii ni ya mwenye nyumba, ingawa mkono unaonunua umeme ni wa mpangaji. Sisi wenyewe tulipopanga, tulikatwa mwaka mzima, na mwenye nyumba wetu alipoambiwa alicheka, akasema, "Umeme mwautumia ninyi." Hatukugombana naye. Tulikuwa tumeziweka risiti zote katika daftari. Tukaketi naye, tukamsomea moja moja, mwezi kwa mwezi. Alinyamaza kitambo. Kisha akatwaa kalamu, akaandika katika hati ya upangaji kwamba shilingi hizo zitapunguzwa katika kodi ya pango la mwezi ujao.