Kasoro Iliyozaa Neema: Mabadiliko ya Jeni na Uundaji wa Laisini katika Bakteria



Imekuwa ada kuyatazama mabadiliko ya jeni kama msiba, kwa kuwa aghalabu tumeyajua katika sura ya maradhi. Lakini jioni hii nakusudia kuthibitisha kwamba, kwa mwenye kuyachunguza kwa subira, ndiyo ufunguo wa taratibu ambazo seli iliyo timamu huzisitiri.

Mnamo 1956 huko Japani, Shukuo Kinoshita na wenzake wa kampuni ya Kyowa Hakko waligundua bakteria wa udongo, ambaye leo huitwa Corynebacterium glutamicum. Bakteria huyu huunda asidi amino kadhaa kutokana na asidi aspatiki, na kazi hiyo huanzishwa na kimeng'enya kiitwacho aspatokinesi. Kisha njia hugawanyika, mkono mmoja ukielekea kwenye laisini, na wa pili, kwa kupitia homoserini, ukifikia threonini, methionini na isolusini.

Mnamo 1958 wataalamu hao walieleza habari za bakteria ambaye jeni lake la kuundia homoserini lilikuwa limeharibika, hata hakuweza kukua ila kwa kulishwa kile alichoshindwa kujiundia. Mwenye haraka angehukumu kuwa kiumbe huyo ni mnyonge asiye na faida; kumbe alikuwa akimwaga laisini kwa wingi.

Sababu yake ni hii: aspatokinesi ni kama bawabu ambaye hulifunga lango barabara pale tu laisini na threonini zinapomjia kwa pamoja, na madhali threonini ilikuwa haba, lango lilibaki wazi. Ndiyo maana, bakteria yule akizidishiwa threonini, laisini hupungua. Baadaye ilidhihirika kuwa hata bawabu mwenyewe aweza kubadilika: threonini iliyo katika nafasi ya 311 ya aspatokinesi ikibadilishwa kuwa isolusini, kimeng'enya huendelea na kazi yake bila kuitii amri ya kusita.

Jambo hili si la maabara peke yake. Mahindi, ambayo ndiyo chakula cha kila siku cha mamilioni ya watu wetu, yana upungufu wa laisini, nayo ni asidi amino ambayo mwili wa mwanadamu hauwezi kujiundia. Leo bakteria waliobadilishwa jeni zao huzalisha zaidi ya tani milioni 2 za laisini kila mwaka, na sehemu kubwa huchanganywa katika chakula cha kuku na nguruwe, ambao hulishwa nafaka zenye upungufu uo huo.

Basi nawausia wanafunzi wetu: msikitupe kiumbe chenye kasoro kabla ya kukiuliza kimepoteza nini, na kwa kupoteza huko kimepata nini, kwani njia ya laisini ilifahamika kwa kumchunguza bakteria aliyeharibika, na kutokana na ufahamu huo mamilioni ya mifugo hulishwa hii leo.