Kioo Ni Jicho la Nyuma: Mazungumzo kwa Wahudumu wa Bodaboda wa Mundika



Jina bodaboda limezaliwa katika mpaka huu. Tangu miaka ya 1960, vijana wa Busia walibeba watu na mizigo kwa baiskeli kutoka kituo cha Kenya hadi kituo cha Uganda, wakiita abiria kwa sauti, "Boda! Boda!" Baiskeli ikawa pikipiki, na jina likasambaa Afrika Mashariki nzima. Ni haki basi kwamba mhudumu wa boda anayetoka Mundika aijue kazi hii kuliko mwingine yeyote, na ajue pia jinsi ya kurudi nyumbani jioni akiwa mzima.

Mazungumzo ya leo yanahusu mambo mawili: vioo vya pembeni, na mahali pikipiki inapokaa barabarani. Kofia ya chuma na jaketi ya kuakisi mwanga zimezungumzwa mara nyingi. Sheria inamtaka mhudumu avae, ampe abiria wake, na abebe abiria mmoja tu. Lakini kofia husaidia ajali ikishatokea. Kioo na nafasi nzuri barabarani huizuia isitokee.

Kioo kilichokunjwa hakifanyi kazi

Katika steji nyingi huonekana pikipiki zisizo na vioo kabisa, au zenye vioo vilivyogeuzwa ndani ili zipenye kwa urahisi kati ya magari. Wengine huving'oa kwa sababu ya mtindo. Wengine walipoteza kimoja pikipiki ilipoanguka, wakaona hakuna haja ya kununua kingine.

Hesabu ni hii. Katika mwendo wa kilomita 50 kwa saa, pikipiki hukata takriban mita 14 kila sekunde. Mhudumu asiye na kioo, anayegeuza kichwa kizima kwa sekunde mbili kutazama nyuma, amekwenda mita 28 bila kuona mbele. Katika mita hizo mtoto anaweza kuvuka, mkokoteni ukaingia, na tuta likatokea. Kutazama kioo huchukua muda mfupi zaidi, na macho hayaondoki mbali na barabara.

Kioo hurekebishwa pikipiki ikiwa imesimama, mhudumu akiwa amekaa vile anavyokaa safarini. Katika kila kioo aone barabara ya nyuma na ya pembeni, na ukingo mdogo tu wa bega au kiwiko chake. Akiona mkono wake umejaa kioo chote, kioo hicho kinamtazama yeye na si barabara.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba abiria mzito au gunia la mahindi huishusha pikipiki nyuma, na kioo kilichokuwa sawa huanza kutazama lami. Kwa hiyo abiria akishapanda, vioo vitazamwe tena kabla ya kuondoka. Mzigo mpana uliofunika vioo vyote viwili upunguzwe au upangwe upya. Na kwa kuwa barabara za murram hulegeza nati, vikazwe kwa spana kila asubuhi na kupanguswa vumbi.

Vioo vingi vya pikipiki vimebinuka kidogo ili vionyeshe eneo pana. Kwa sababu hiyo, gari linaloonekana dogo na la mbali huwa karibu zaidi ya linavyoonekana. Na hata kioo kizuri kina sehemu kisichoonyesha, hasa kando ya bega. Ndiyo maana kabla ya kuhama upande, baada ya kioo, shingo igeuzwe mara moja haraka kuelekea upande unaoendewa.

Kukaa wapi barabarani

Kenya na Uganda zote huendesha upande wa kushoto. Lakini ndani ya upande huo mhudumu ana nafasi tatu: karibu na ukingo, katikati, na karibu na mstari wa kati. Hakuna nafasi moja iliyo salama kila wakati.

Wengi hung'ang'ania ukingo wakidhani ndio usalama. Ukingoni ndiko kuna mchanga, lami iliyomeguka, watembea kwa miguu na baiskeli. Tena, anayekaa ukingoni kabisa humwambia dereva wa nyuma kwamba kuna nafasi ya kumpita, hata mbele kukiwa na gari linalokuja. Barabara ikiwa wazi, nafasi inayofaa mara nyingi ni pale gurudumu la kulia la gari linapopita: mhudumu anaonekana, vioo vyake vinaona mbali, na ana nafasi ya kukwepa pande zote mbili. Katikati kabisa ya njia, hasa malori yanaposimama kwa muda mrefu, humwagika mafuta, na mvua ikianza pale huteleza kama sabuni.

Umbali wa mbele nao uangaliwe. Gari lililo mbele likipita mlingoti, mhudumu ahesabu sekunde mbili kabla ya yeye kuufikia. Mvua ikinyesha, ahesabu nne.

Foleni ya malori

Tangu kituo cha pamoja cha mpaka cha Busia kilipozinduliwa Februari 2018, ukaguzi wa nchi mbili umekuwa mahali pamoja. Hata hivyo siku za foleni bado zipo, Busia na Malaba pia, na mhudumu wa Mundika hupita kando ya malori hayo kila siku.

Lori lililojaa linaweza kufika tani 56. Dereva amekaa juu, na kuna sehemu nne asizoziona vizuri: mbele kabisa chini ya kioo chake, nyuma kabisa ya trela, na pembeni kushoto na kulia. Kanuni ni rahisi: mhudumu asipouona uso wa dereva katika kioo cha lori, dereva naye hamwoni. Malori yanayokwenda nchi zinazoendesha kulia, kama Rwanda na Sudan Kusini, yanaweza kuwa na usukani kushoto. Dereva wa namna hiyo huona kwa shida zaidi upande wa kulia, ambako ndiko boda nyingi hupitia.

Kupita kushoto kwa foleni kuna hatari yake. Utingo hufungua mlango na kuruka chini bila kutazama. Wauzaji wa ndizi na chai hutokea kati ya lori na lori. Na lori linapokata kushoto, kichwa hutangulia na trela hufuata ndani zaidi, likimbana aliye kati yake na ukingo. Kupita kulia nako humweka mhudumu uso kwa uso na magari yanayotoka mpakani. Kama hakuna nafasi ya kutosha kwa pikipiki na gari linalokuja, nafasi hiyo haipo. Asubiri.

Anayepita malori yaliyosimama apunguze mwendo kiasi cha kuweza kusimama mara moja, aache nafasi ya mlango kufunguka, na asisimame kamwe mbele ya pua ya lori. Akaribiapo mpakani akumbuke pia wafanyabiashara wenye ulemavu wanaovusha bidhaa kwa baiskeli zao za magurudumu matatu. Wako chini, nao hawawezi kuruka pembeni.

Kukunja kulia jioni

Hatari huweza kuja hata safari ikikaribia kwisha. Chukua mfano wa mhudumu anayerudi Mundika saa kumi na mbili na nusu jioni, mwanafunzi akiwa nyuma, na anataka kukunja kulia kuingia barabara ya murram. Amekaa ukingoni kushoto. Anatazama mbele, anaona hakuna gari, anakata ghafla kuvuka barabara. Hakutazama nyuma. Gari lililokuwa likimpita linamkuta katikati, ubavuni, upande aliokaa yule mtoto.

Safari hiyo hiyo ingeenda hivi. Mapema, kabla hajafika njia panda, anatazama kioo cha kulia. Anawasha indiketa. Anageuza shingo kuangalia bega la kulia. Nyuma kukiwa salama, anahamia taratibu karibu na mstari wa kati, ili kila dereva ajue anakoelekea. Anapunguza mwendo, anawapisha wanaokuja. Kabla tu ya kukunja anatazama kioo mara ya pili, kwa sababu yupo dereva mwenye haraka ambaye hakuiona indiketa. Kisha anavuka, na indiketa inazimwa.

Nyuma kukiwa na gari linalokuja kwa kasi, na yeye hana uhakika, asihame. Apite njia panda, asimame kushoto nje ya lami, asubiri barabara itulie, ndipo avuke. Atachelewa dakika mbili. Mama wa yule mwanafunzi hatazihesabu.

Mpango wa steji

Viongozi wa steji wanaweza kuanza kesho. Kila asubuhi, kabla ya abiria wa kwanza, wahudumu wakaguane wawili wawili: vioo viwili, indiketa, taa ya nyuma, breki. Asiye na kioo asipange foleni ya abiria hadi apate. Abiria naye ana haki ya kukataa pikipiki isiyo na vioo, na mzazi anayemkodishia mtoto wake boda ya shule avitazame kabla ya kulipa.

Husemwa kwamba ajali haina kinga. Zipo zisizo na kinga. Lakini ile ya kukata kulia bila kutazama nyuma ina kinga, nayo imefungwa kwenye usukani pande zote mbili.