"Ndiyo" Isiyokubali: Usuli na Mapokezi ya Wimbo "Ndio Mzee"

Neno la kukubali katika Kiswahili ni jepesi kutamka, lakini ni zito kufasiri. Mtoto akiitwa na mzazi huitika. Mwananchi akiulizwa swali na kiongozi mbele ya hadhara hujibu "ndiyo". Aghalabu mwitiko wa namna hii huwa dalili ya adabu kabla haujawa dalili ya ridhaa. Mwaka 2001 msanii Joseph Haule, ajulikanaye kwa jina la Professor Jay, aliufanya mwitiko huo kuwa kiini cha wimbo wake "Ndio Mzee", uliomo katika albamu ya Machozi, Jasho na Damu. Lengo la mhadhara huu ni kuuchunguza wimbo huo kama tukio la lugha, na kuonyesha kwa nini mkoa wa Morogoro unafaa kuwa mahali pa kuupimia.

Kwa upande wa sarufi, "ndiyo" huundwa na kiambishi cha msisitizo ndi- pamoja na kirejeshi -yo. Kinyume chake ni "siyo", chenye si- ya ukanushi. Tahajia sanifu ya neno la kukubali ni "ndiyo", bali jina la wimbo limezoeleka kuandikwa "Ndio". Mwalimu wa sarufi hukosoa hapo, na ana haki. Hata hivyo, katika upatanisho wa kisarufi, umbo "ndio" hutumika pia kwa watu: hao ndio. Basi kwa sadfa ya tahajia, jina la wimbo linawaelekea wale wanaoitikia kuliko jambo wanaloliitikia.

Usuli wa kihistoria nao una uzito wake. Kuanzia mwaka 1965 hadi 1990, katika kila uchaguzi wa rais wa Tanzania, mpiga kura aliletewa mgombea mmoja, akatakiwa kuchagua kati ya "ndiyo" na "hapana". Uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi baada ya kipindi hicho ulifanyika mwaka 1995, wa pili mwaka 2000. Sheria ilikwisha kubadilika, lakini mazoea ya kuitikia mikutanoni hayafutwi kwa sheria. Wakati huohuo redio za binafsi, zilizoanza katika miaka ya 1990, ziliwapa vijana wa muziki wa kizazi kipya uwanja ambao hawakuwa nao awali. Haule mwenyewe alikuwa amekwisha kusikika akiwa na kundi la Hard Blasters, ambalo albamu yake ya Funga Kazi ilitoka mwaka 2000.

Katika "Ndio Mzee", msanii hamsemi mwanasiasa kwa mbali. Huvaa sauti yake. Mgombea anahutubia na kumwaga ahadi. Wanafunzi watapelekwa mwezini kwa mafunzo ya vitendo. Mabomba yatatoa maziwa. Kila ahadi hupokewa kwa mwitiko uleule. Muundo huu wa fanani na hadhira kupokezana ni wa fasihi simulizi, na hupatikana katika ngoma na hadithi za jamii nyingi za Tanzania. Kilichogeuzwa ni kazi yake. Mtambaji wa hadithi huitikiwa ili aendelee, na kuendelea kwake ni starehe ya wote. Mgombea wa wimboni huitikiwa vilevile, naye huendelea, ila kila mwitiko unamzidishia ujasiri wa kusema uongo. Kejeli ya wimbo, kwa hiyo, ina ncha mbili: moja inamchoma asemaye, nyingine inamchoma aitikaye.

Mapokezi yake yalikuwa makubwa. Wimbo ulichezwa redioni na mitaani, ukafuatiwa na "Siyo Mzee" na "Kikao cha Dharura", tungo zinazoendeleza kisa hichohicho. Mtu asiyethubutu kumpinga mkubwa wake huitwa hadi leo mtu wa "ndiyo mzee". Heshima ya neno "mzee" haikufutika, bali ilipata mwenzi: kejeli.

Hapa ndipo Morogoro inapoingia. Katika milima ya Uluguru, serikali ya kikoloni ilianzisha mwaka 1950 mpango wa kuhifadhi ardhi uliowalazimisha wakulima kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko mikali. Kazi ilikuwa nzito, na matuta yalifukua udongo wa chini usio na rutuba. Watu waliifanya shingo upande. Mwezi Julai 1955, huko Matombo, ukimya ulivunjika: umati ulikataa hadharani, polisi wakafyatua risasi, na mtu mmoja akauawa. Mpango ukaachwa. Aliyehesabu matuta yaliyochimbwa kabla ya siku hiyo angeweza kuandika kwamba Waluguru wamekubali. Matuta yalikuwa yakisema "ndiyo", wachimbaji wakiwa na "siyo" yao kifuani.

Mkoa huohuo ulikuja kumpima mtunzi mwenyewe. Katika Uchaguzi Mkuu wa mwaka 2015, Haule aligombea ubunge katika jimbo la Mikumi, mkoani Morogoro, kwa tiketi ya CHADEMA, akashinda. Mwaka huohuo Selemani Msindi, yaani Afande Sele, aliyetwaa taji la Mfalme wa Rhymes mwaka 2004, aligombea Morogoro Mjini, chini ya milima ya Uluguru, kwa tiketi ya ACT-Wazalendo, bila kufanikiwa. Sauti ya mgombea, ambayo Haule aliivaa kwa mzaha mwaka 2001, sasa ilikuwa sauti yake halisi. Aliwatumikia watu wa Mikumi hadi mwaka 2020, aliposhindwa uchaguzi.

Ni rahisi kusema kwamba mkejeli amegeuka mkejeliwa. Hukumu hiyo ni ya haraka. Wimbo haukudai kwamba kila anayepanda jukwaani ni mwongo. Ulidai kwamba mwitiko usiopima humharibu yeyote anayepanda. Kwa mantiki hiyo, mtunzi alipoomba kura alijiweka chini ya kanuni aliyoitunga, na wapiga kura waliomchagua, kisha wakamwondoa, walikuwa wakitumia maneno yote mawili, "ndiyo" na "siyo", kwa wakati wake.

Wanafunzi wa isimu hufundishwa kwamba maana ya tamko haikai ndani ya neno peke yake, bali katika mazingira ya usemaji. Matombo ya 1955 na Mikumi ya 2015 zinawadai wafike mbali zaidi. Anayekusanya data za mikutano ya hadhara na kuandika kwamba "hadhira iliafiki" kwa sababu tu hadhira ilisema "ndiyo", amekosea kama aliyehesabu matuta. Hana budi kuuliza kwanza kama kusema "siyo", siku ile na mahali pale, kuliwezekana.