Fedha Kidogo, Madhara Makubwa
(Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi)



Wengi hudhani kwamba fedha za uhalifu hutambulikana kwa wingi wake. Utafiti hauafiki dhana hiyo.

Tarehe 7 Agosti, 1998, mabomu yalilipuka kwenye balozi za Marekani mjini Nairobi na Dar es Salaam. Watu 224 walipoteza maisha, wengi wao Wakenya, na maelfu walijeruhiwa. Baadaye Marekani iliunda tume kuchunguza mashambulizi yaliyoipata nchi hiyo tarehe 11 Septemba, 2001. Mwaka 2004 watafiti wa tume hiyo walieleza kwamba milipuko ya Nairobi na Dar es Salaam iligharimu yapata dola 10,000 tu. Kiasi hicho hakinunui hata lori jipya la kubebea mazao.

Watafiti hao waliona jambo jingine. Watekaji ndege wa mwaka 2001 walifungua akaunti kwa majina yao wenyewe, wakaweka na kutoa fedha kama wateja wengine. Hapakuwa na la kumshtua karani. Lakini baada ya maafa, kumbukumbu za benki ndizo zilizowasaidia wapelelezi kujua nani alimpelekea nani fedha.

Hapo ndipo penye funzo kwa vyama. Ikiwa wingi wa fedha hausemi kitu, na sura ya mtu haisemi kitu, basi mwanachama asishukiwe kwa kabila, dini wala mavazi yake. Kinachosema ni daftari. Kwa hiyo haifai kitabu cha mwanachama mmoja kupitishiwa fedha za mtu asiyejulikana, hata kama ni kwa hisani ya jirani. Haifai stakabadhi kuandikwa bila jina la aliyelipa. Fedha zikiingia leo na kutolewa kesho pasipo sababu, hapana budi katibu aulize kwa adabu na kuandika jibu. Shaka ikibaki, taarifa ipelekwe kwa wanaohusika kisheria bila kumdokezea anayeshukiwa, na isigeuzwe kuwa porojo za gulioni.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Katika jambo hili, kinachoweza kupotea ni zaidi ya mali.