Haki katika Ujira wa Mchukuzi

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyeziweka mbingu juu na akaweka mizani ili watu wasidhulumiane. Rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baada ya haya, enyi waja wa Mwenyezi Mungu, mlioko misikitini na mnaotusikiliza majumbani, tunakuusieni na tunaziusia nafsi zetu kumcha Mungu katika siri na katika dhahiri.

Ndugu Waislamu, biashara ya leo imebadilika sura. Zamani muuzaji na mnunuzi walionana uso kwa uso, mmoja akaishika bidhaa na mwingine akaishika fedha. Hivi leo mama mmoja hukaa kwake Shinyanga mjini, akaipiga picha bidhaa yake kwa simu, na mnunuzi aliyeko Katoro au Geita akaiona, akapatana bei na kulipa kwa simu ile ile, wala hawajapata kuonana. Kati yao husimama mtu wa tatu, naye ndiye tunayetaka kumzungumzia leo: mchukuzi, anayeupokea mzigo huku na kuufikisha kule kwa ujira.

Hivi karibuni lililetwa mbele yetu, baada ya swala ya Alasiri, shauri la mama mjane. Marehemu mumewe alikuwa fundi cherehani, akaacha cherehani moja na meza yake na watoto ambao hawajabaleghe. Mama akaiuza mtandaoni kwa shilingi 220,000 kwa fundi mmoja wa Geita, kwa sharti kwamba gharama ya kuufikisha mzigo iwe juu ya mwuzaji. Akaupeleka stendi. Karani akamwambia kwa mdomo kuwa ni shilingi 800 kwa kilo, wataupima na kumpigia simu. Akapewa karatasi iliyoandikwa "mzigo 1" na jina la mpokeaji, basi. Haikuwa na uzito wala bei.

Siku ya nne ikaja ankara ya shilingi 61,000, na mzigo umezuiwa Geita mpaka ilipwe. Mizani ilikuwa imeonyesha kilo 28, ambazo kwa hesabu ya karani ni shilingi 22,400. Lakini walikuwa wamepima na ukubwa wa sanduku: sentimita 100 kwa 50 kwa 60, wakagawanya kwa 5,000, wakapata kilo 60, yaani shilingi 48,000. Juu yake wakaongeza shilingi 5,000 za kivuko na 8,000 za kuuweka mzigo stoo siku nne.

Waliokuwepo barazani wakagawanyika. Wa kwanza akasema: Mama, samehe, dunia ni mapito. Wa pili, kijana wa ukoo, akampa shauri la kukana: kwa kuwa hakuna maandishi, aseme alipatana shilingi 15,000 kwa mzigo wote, nani atamshuhudia? Hapo ndipo tulipoona kwamba jambo hili si la fedha peke yake.

Tuanze na huyu aliyemwambia asamehe. Kusamehe haki yako ni fadhila kubwa, nasi tunawahimiza watu wayafanye hayo. Lakini cherehani ile ilikuwa mirathi. Mama alikuwa na thumni yake tu, na zilizobaki zilikuwa za watoto wa marehemu. Mali ya yatima haisamehewi na mlezi wake, kwani si yake, na Qurani katika Sura ya An-Nisaa imetoa onyo kali juu ya mali hiyo. Mlezi anayenyamaza kwa haya, akaiacha ipotee mikononi mwa watu, atakuja kuulizwa. Kwa hiyo kudai kwa mama yule hakukuwa uchoyo. Kulikuwa wajibu.

Ama yule kijana, tunamwombea uongofu. Imepokewa kwa Bibi Ummu Salama, na imo katika vitabu vya Bukhari na Muslim, kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwaambia watu kuwa yeye ni mwanadamu, nao humletea mashauri yao, na huenda mmoja akawa hodari wa maneno kuliko mwenziwe. Basi yeyote aliyehukumiwa kupata haki ya ndugu yake asiitwae, kwani hakika amekatiwa kipande cha moto. Mwenye kudhulumiwa hapewi ruhusa ya kusema uwongo. Tena katika kuulizana, mama mwenyewe alikiri jambo ambalo hakuna aliyelijua: pale stendi alisema ni kichwa cha cherehani, asitaje meza, akichelea bei isipande. Tunamshukuru Mungu kwa ukweli wake. Wengi wetu wenye ndevu tusingaliutamka.

Sasa sheria yasemaje? Ujira katika dini yetu ni mkataba kama kuuza, na sharti lake moja ni kuwa ujira ujulikane kabla ya kazi. Nabii Musa alipochukua kazi kwa mzee wa Madyan, walitaja kwanza muda wa miaka minane, na wa kumi kwa hiari yake, ndipo kazi ikaanza. Aya ya 282 ya Sura ya Al-Baqara, iliyo ndefu kuliko aya zote, yaamrisha kuandika deni la muda, liwe dogo au kubwa. Na pale ujira usipojulikana, na kazi imekwisha fanywa, wanavyuoni hawasemi mchukuzi atoke mikono mitupu, wala hawampi anachojitakia. Hupewa ujratul-mithli, yaani ujira wanaolipana watu wa mahali pale kwa kazi kama ile.

Kupima kwa ukubwa si dhuluma kwa asili yake. Gari lina nafasi kama lilivyo na nguvu. Godoro ni jepesi na hujaza gari. Makampuni ya vifurushi yanayotumia ndege hugawanya kwa 5,000 hivyo hivyo. Dhuluma ni kumtajia mtu kilo za mizani wakati wa kupokea, na kumdai kilo za ukubwa wakati wa kufikisha, na mali yake umeishika. Mali ile mkononi mwa mchukuzi ni amana. Na hiyo ya kivuko? Mzigo ulipitia Kahama na Kakola, njia ambayo haivuki ziwa. Na hata ungalipitia Busisi, daraja la Kigongo na Busisi limefunguliwa mwaka 2025. Mama alitozwa kwa mashua ambayo mzigo wake haukuiona.

Inatushangaza sana jambo hili katika nchi yetu ya dhahabu. Mchimbaji wa Geita au wa Kakola hawezi kukubali pointi moja imtoke bila kuiona juu ya mizani kwa macho yake, naye huinama mpaka pua inakaribia kuigusa. Tangu mwaka 2019, lilipofunguliwa soko la dhahabu Geita, upimaji na malipo hufanywa hadharani na kuandikwa. Mtu huyo huyo akifika stendi huacha sanduku lake chini, akapokea karatasi tupu, akaenda zake. Sura ya Al-Mutaffifin imewaonya wanaopokea kwa kipimo kamili na kuwapimia wengine pungufu. Maonyo hayo hayakuwekewa mpaka wa nafaka na madini tu.

Tulifanya hivi. Watu wawili walikwenda stendi wakawauliza wachukuzi wengine wawili, bila kuwaeleza ugomvi, wangetoza kiasi gani kwa mzigo wa kilo 28 wa ukubwa ule hadi Geita. Mmoja alisema 28,000, wa pili 32,000. Mama akaenda na karatasi yake, akasema yote kwa upole, na la meza pia akalisema. Msimamizi alikasirika kwanza. Kisha akaifuta ile ya kivuko, akaifuta na ya stoo, kwani mpokeaji alikuwa amepigiwa simu siku ya tatu tu, wakaafikiana 30,000. Mzigo ukatolewa siku ile ile.

Kama asingekubali, njia zilikuwapo, nanyi mzijue. Anayesafirisha vifurushi kwa malipo hutakiwa awe na leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ambayo ina ofisi ya Kanda ya Ziwa huko Mwanza. Malalamiko hupelekwa kwanza kwa mchukuzi mwenyewe, na yafaa yawe kwa maandishi. Asipoyatatua, hupelekwa kwa Mamlaka. Mizani ya biashara hukaguliwa na Wakala wa Vipimo, na mteja ana haki ya kuuliza kama imekaguliwa. Enyi wanafunzi, wasaidieni mama zenu kuandika barua hizo. Elimu yenu ya kusoma na kuandika ina zaka pia.

Nanyi wachukuzi mnaotusikiliza, tunajua mnalala njiani na mafuta ni ghali, na Mtume ameamrisha mfanyakazi alipwe kabla jasho lake halijakauka. Hatuwaambii mchukue kidogo. Tunawaambia pimeni mbele ya mwenye mali, mwandike uzito, ukubwa, njia na bei katika karatasi moja, mmpe nakala kabla gari halijaondoka.

Yule mama alirejea Ijumaa iliyofuata na shilingi 190,000, akaomba agawiwe sawasawa na sheria, fungu lake na ya watoto, na yaandikwe. Yameandikwa.

Tunasema haya, na tunamwomba Mwenyezi Mungu Mtukufu atughufirie sisi na ninyi na Waislamu wote.